Maswali ya wasomaji: chumba kina giza, nipande nini?

SWALI: Dada habari za kazi. Chumba changu kina dirisha moja dogo afu mbele yake kuna ukuta, jua halijawahi kuingia toka nihamie. Mpaka saivi nimeshaua mimea mitano, wa mwisho ni pothosi, ule mmea wa kamba ndefu, ambayo kila mtu aliniambia haifi. Namwagilia kikombe kimoja kila asubuhi, sijaruka hata siku moja, lakini majani yanakuwa ya njano yanadondoka. Nahisi tu sina mkono wa maua. Ninunue la plastiki yaishe? *(Aliyekata Tamaa)*

JIBU: Mdogo wangu mkono unao, tena mzito! Hapo kwenye "kila asubuhi" ndo nimeshika kichwa. Giza halijaua pothosi yako, umeizamisha. Iko hivi, mmea unatumia mwanga kutengeneza chakula chake na kazi hiyo ndo inayoufanya unywe maji, sasa mwanga ukiwa mdogo kazi inapungua na kiu inapungua, kwa hiyo kile kikombe cha jumatatu hakijaisha na wewe jumanne unaleta kingine. Udongo una vinafasi vya hewa na mizizi inapumulia humo. Ukivijaza maji muda wote mizizi inakosa oksijeni, inaoza. Na mtego uko hapa: mizizi ikishaoza haiwezi tena kuvuta maji, kwa hiyo majani yanalegea kama yana kiu, nawe kwa huruma unaongeza maji.

Nayajua haya kwa sababu nilishafanya. Nilikuwa na fikasi kwenye kona ya korido, siku nilipoichomoa kwenye chungu ilitoka bila kubisha, mizizi ya kahawia, laini kama tambi zilizopitiliza kuiva, ukivuta ganda linabaki mkononi na katikati kinabaki kiuzi kama cha kushonea. Harufu yake ni ile ya mtaro. Mizizi mizima huwa migumu kidogo na myeupe au krimu, ukiiona hivo tulia.

Kwa hiyo sahau ratiba, usimwagilie kwa kalenda. Chomeka kidole mpaka pingili ya pili, kama huko chini bado kuna ubaridi wa maji achana nao. Au nyanyua chungu, ukizoea utajua tu kwa uzito kwamba bado. Kwenye chumba kama chako inaweza kupita wiki mbili na zaidi bila kuhitaji kitu. Chungu kiwe na matundu chini, na kisiwe kikubwa kuliko mizizi maana udongo usio na mizizi unakaa na maji tu hamna wa kuyanywa. Na kabla hujatupa hiyo pothosi angalia kama kuna kijiti kizima, kata chini kidogo ya pingili, weka kwenye glasi ya maji karibu na dirisha, pingili iwe ndani ya maji, ndani ya wiki 2 mpaka 4 kwa kawaida utaona mizizi.

Kuhusu mwanga wenyewe, macho yanatudanganya sana. Nje jua likiwaka vizuri ni kama lux 100,000 (lux ni kipimo cha mwanga), ndani kwenye kona ya mbali inaweza ikawa 100 au chini ya hapo, na wewe umekaa unaona mbona kweupe tu, kwa sababu jicho linajirekebisha, jani haliwezi. Jaribu hivi saa sita mchana: zima taa, weka karatasi nyeupe pale unapotaka kuweka mmea, nyoosha mkono juu yake kama sentimita 30. Kivuli kikitoka na vidole vyake hapo pazuri, kikiwa ukungu ukungu hapo ni pa mimea mivumilivu, kama hamna kivuli kabisa usiweke kitu. Usidharau kusogeza, kutoka ndani ya chumba mpaka karibu na kioo cha dirisha tofauti ni kubwa mno, hata dirisha lenyewe likiwa linaangalia ukuta.

SWALI: Shikamoo dada. Sebule yetu dirisha liko mbali na kochi, nataka kitu cha kijani pembeni ya kochi na ikiwezekana kiwe na maua. Nina mtoto anayetambaa na paka mmoja mtundu. Nimeambiwa ninunue mmea unaoitwa ZZ. *(Mama Mtundu)*

JIBU: Marahaba mama. Aliyekuambia ZZ hajakosea kwa upande wa giza, ule ni mmea wa mashariki na kusini mwa Afrika na chini ya udongo una vinundu kama viazi vinavyotunza maji, ndo maana unaweza kuusahau mwezi mzima ukakukuta unang'aa vilevile. Shida ni huyo anayetambaa. ZZ, pothosi, spathifilamu, aglaonema na hasa difenbakia, yote hiyo ina vifuwele kama visindano kwenye majani, mtoto au paka akitafuna mdomo unawaka na kuvimba. Sansevieria, ile ya majani yaliyosimama kama mapanga, nayo paka akiila inamchafua tumbo.

Kwako wewe ningesema aspidistra. Haina sumu kwa paka, majani mapana ya kijani kiwivu, inakua polepole mpaka unasahau kama ina uhai. Zamani Uingereza, enzi za taa za gesi, watu waliifuga kwenye sebule zao zenye giza na moshi na ikavumilia. Au mitende midogo ya ndani, kamedorea, nayo haina shida kwa paka na inavumilia kivuli. Lakini kuvumilia sio kupenda, ikae nusu ya njia kati ya kochi na dirisha, sio nyuma ya kochi.

Maua sahau mama, nakwambia ukweli. Ua ni gharama kubwa kwa mmea na kwenye giza hauna cha kulipia. Spathifilamu yenyewe ambayo wanaiuza kama ya kivulini inatoa majani tu ukiiweka mbali na dirisha. Wengine wanajaribu urujuani wa Kiafrika, ule wenye majani ya manyoya uliotoka milima ya Usambara, wanasema si unaota chini ya miti, basi unapenda giza. Kivuli cha msitu na kona ya sebule ni vitu viwili tofauti kabisa! Ule unataka mwanga mwingi usio jua kali, ukiuweka chini ya taa ya LED unachanua vizuri sana.

SWALI: Bafu langu halina dirisha kabisa. Kuna mmea? *(Kwa Kifupi)*

JIBU: Hamna. Unyevu upo ila mwanga hamna, na unyevu hauliwi. Labda uwe na mimea miwili inayofanana, mmoja bafuni mmoja dirishani, unaibadilisha kila baada ya wiki mbili. Au taa, soma chini hapo.

SWALI: Kaka mmoja kazini ana taa ya zambarau juu ya mimea yake, chumba kizima kinaonekana kama disko. Ni lazima iwe hivo? Taa ya kawaida ya chumbani haitoshi? *(Mpenda Giza)*

JIBU: Sio lazima, LED nyeupe ya kawaida inafanya kazi na angalau unaiona rangi ya mmea wako. Ishu ni umbali na muda. Taa ya dari iko juu sana, mpaka mwanga ufike kwenye jani umeshatawanyika, ishushe iwe kama sentimita 30 juu ya majani, ukiona yanapauka pandisha kidogo. Iwake kwa muda wa masaa 12 mpaka 14 kwa siku halafu izimwe, mmea nao unahitaji usiku. Nunua taima ya kuchomeka ukutani, mi nilijifanya nitakumbuka mwenyewe, nikakumbuka siku nne. Balbu za zamani za waya achana nazo, sehemu kubwa ya umeme wake inaishia kwenye joto, utakaanga majani.

SWALI: Mume wangu kakataa maua chumbani anasema usiku yanatuibia oksijeni. Mimi nimesoma yanasafisha hewa. Nani yuko sahihi? *(Wa Kulala Mlango Wazi)*

JIBU: Wote mmekosa, samahani dada. Usiku mmea unapumua kweli ila kiasi ni kidogo sana, yeye mwenyewe akilala anatumia oksijeni nyingi kuliko vyungu vyote mnavyoweza kupanga humo. Hilo la kusafisha hewa limetokana na jaribio la NASA, shirika la anga la Marekani, la mwaka 1989, mimea iliwekwa kwenye visanduku vidogo vilivyofungwa kabisa. Mwaka 2019 watafiti wakapitia majaribio ya namna hiyo wakapiga hesabu za nyumba halisi, wakakuta ungehitaji kati ya mimea 10 na 1,000 kwa kila mita ya mraba. Kitanda mtaweka wapi? Hewa fungueni dirisha, ua wekeni kwa sababu linapendeza.

SWALI: Pothosi yangu ilikuwa na mabaka meupe, majani mapya yanatoka kijani tupu na madogo, afu kamba imerefuka haina kitu. *(Msomaji wa Siku Nyingi)*

JIBU: Inatafuta mwanga. Kwenye weupe hamna kijani cha kutengenezea chakula, kwa hiyo kwenye giza yale majani ya kijani ndo yanayoweza kuilisha. Pima kati ya jani na jani, kama zamani ilikuwa vidole viwili na saivi ni kiganja kizima, isogeze dirishani. Zile kamba tupu kata, hazirudishi majani. Halafu futa vumbi kwa kitambaa kibichi, juu na chini ya jani, picha uliyotuma naona mpaka alama za vidole.