Linki tupu au na maneno yako?

Ndugu, umeuliza kama ukiona kitu kizuri mtandaoni uwatumie watu linki peke yake au uandike na mawazo yako. Andika, hata mistari mitatu. Linki tupu haimwambii mtu kwa nini aache shughuli zake aifungue.

Taja pale hasa palipokusimamisha. Juzi nilisoma kuhusu mashine ya Antikythera, chombo cha shaba cha Wagiriki wa kale kilichoopolewa mwaka 1901 kutoka kwenye meli iliyozama. Sikusema tu "someni hii, inavutia". Niliandika kwamba vipande vilivyobaki vina magurudumu 30 yenye meno, na kwamba usiku ule nilikuwa namuwaza fundi aliyeyachonga meno yale madogo, moja baada ya jingine, ili chombo kionyeshe mwendo wa jua na mwezi. Basi watu wakaanza kuuliza, na mmoja akaniletea picha za eksirei za ndani yake ambazo sikuwahi kuziona. Kwangu hiyo ndiyo raha yenyewe.

Halafu fuatilia ilikotoka habari, umtaje aliyeiandika kwanza. Nukuu sentensi mbili, usibebe makala nzima ya mwenzako.

Kurasa nazo hufutwa, inauma sana kukuta linki ya zamani imekufa. Kabla ya kutuma, bandika anwani yake kwenye Wayback Machine, hifadhi ya nakala za kurasa za mtandaoni iliyo wazi kwa umma tangu 2001. Ukurasa ukikubali kuhifadhiwa, utapata nakala yenye tarehe. Weka linki zote mbili.