Fedha za kuonesha benki ili nipate viza ya masomo: yafaa?

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Mimi ni kijana wa Wete, Pemba. Nimekubaliwa kusoma shahada ya pili Uingereza. Masharti ya viza yanataka fedha za ada na za kujikimu zikae benki siku 28 mfululizo, na sisi zote hatuna. Unguja mjini yuko mtu anayekuwekea fedha kwenye akaunti yako, viza ikitoka anazichukua na unampa kitu juu yake. Wenzangu wanasema hiyo si riba bali ni malipo ya huduma, na kwamba wanaodanganywa si Waislamu. Baba naye anataka kuweka rehani mikarafuu yetu: mtu atupe fedha, avune yeye kila msimu mpaka tumrejeshee fedha zake zote. Ami yangu aliyeko Maskati yuko tayari kusaidia kiasi. Tufanye lipi?

JIBU: Wa alaykumu s-salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mwanangu, Allah akubariki kwa kuuliza kabla ya kutenda. Wengi huniletea suala hili wakiwa tayari wamesharudi na shahada.

Tuanze na huyo mtu wa mjini. Fedha anazokuwekea ni mkopo, kwa sababu anakupa mali ili umrejeshee mfano wake. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, aliyekopeshwa akishakabidhiwa anaimiliki mali ile, na hapo ndipo wenzako wanapopatia hoja: "Fedha ni zangu kwa muda ule, kwa hiyo sijasema uongo." Nikiri kuwa hoja hii haikosi mantiki. Lakini hiyo hiyo ndiyo inayowafunga. Ikiwa ni mkopo, basi kile "kitu juu yake" ni ziada iliyosharutiwa kwenye mkopo, na wanazuoni wamekubaliana kuwa ziada hiyo ni riba. Kuiita huduma hakuibadilishi. Huduma gani, ikiwa kazi yenyewe ni kungojea siku zipite?

Wala usiseme dhambi ni ya mpokeaji peke yake. Kapokea Imamu Muslim, mkusanyaji wa hadithi, kutoka kwa sahaba Jabir kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, amemlaani mwenye kula riba, mwenye kuilisha, mwenye kuiandika na mashahidi wake wawili, akasema wote ni sawa. Wewe unayelipa umo.

Na tuseme mtu huyo kakuonea huruma, hataki hata senti. Riba imeondoka, ila uongo umebaki. Fomu ile haiulizi kama fedha zimepita kwenye akaunti yako. Inauliza kama unazo za kulipia masomo na kuishi. Ukizionesha nawe umeshaahidi kuzitoa viza ikitoka, umeshuhudia lisilokuwepo. Watazame Wajerumani: wao hutaka yuro 11,904 za mwaka mzima (kiwango cha kuanzia Septemba 2024) ziwekwe kwenye akaunti iliyofungwa, kisha ukishafika unazitoa sehemu sehemu kila mwezi. Makusudio ni mamoja, usije ukakwama ugenini bila chakula wala kodi ya chumba. Anayekwenda na karatasi tupu hujidanganya yeye kwanza.

Hoja ya kwamba "wale si Waislamu" inanisikitisha zaidi kuliko zote. Mtume alipohama Makka, huku Makureshi wanataka roho yake, alimwacha Sayyidna Ali nyuma ili awarejeshee watu amana zao. Hao walikuwa maadui waziwazi! Na Imamu Shafi amesema Waislamu wakiingia nchi ya maadui kwa amani, basi maadui hao nao wawe salama kutokana nao. Viza ndiyo hati ya amani ya zama zetu, na Allah ametuamrisha katika aya ya kwanza ya Suratul Maida tutimize mikataba. Hata kwa hesabu za dunia tu, anayebainika kudanganya kwenye maombi ya viza ya Uingereza anaweza kufungiwa mpaka miaka 10.

Usitafute udhuru wa dharura. Elimu tumehimizwa, lakini shahada ya pili ya ng'ambo si dharura ya kuhalalisha riba. (Ile "itafuteni elimu hata China" watu wanayopenda kuisoma kwenye mahafali, wanazuoni wa hadithi wameidhoofisha, na Ibn al-Jawzi ameihesabu katika za kubuni.)

Ama mikarafuu. Kuweka rehani ni halali, imo katika Qurani. Kisichofaa ni hilo sharti la mkopeshaji kuvuna na mavuno yawe yake, huku deni limesimama pale pale. Hiyo ni riba iliyopanda juu ya mti, nayo huku Pemba tumeizoea mno. Mavuno ni ya mwenye shamba. Akitaka kuvuna, avune kwa niaba ya baba yako, karafuu zikapimwe ZSTC (shirika la biashara la serikali ya Zanzibar), na thamani yake yote ikatwe kwenye deni baada ya gharama za uvunaji. Na baba asiuze karafuu ambazo bado hazijachomoza mtini, kwani Mtume amekataza kuuza matunda kabla ya kudhihiri kufaa kwake. Akiona bora auze kipande cha shamba moja kwa moja, ni haki yake, ila watoto wengine wajue.

Kwa ami yako ndiko ninakoona kheri. Akikupa hiba, yaani zawadi, kwa Mashafi haikamiliki mpaka ukabidhiwe, kwa hiyo azitume kweli, zikae siku zake 28, zitumike kwa masomo. Akikukopesha bila ziada, andikeni na mashahidi wawili, na muda wa kulipa uwe baada ya masomo. Fahamu kuwa akaunti yake mwenyewe haitapokelewa. Yako hupokelewa, na ya wazazi pia, pamoja na cheti cha kuzaliwa na barua yao ya ridhaa. Njia nyepesi zaidi ni ami kulipa ada chuoni moja kwa moja, chuo kikaionesha kwenye hati yake ya kuthibitisha kukukubali (CAS) unayoombea viza, kwa sababu ada iliyokwisha kulipwa hupunguzwa katika kiasi unachotakiwa kuonesha.

Bado hazijatosha? Kiandikie chuo ukiombe nafasi yako isogezwe mwaka ujao, na katika muda huo omba ufadhili. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, hulipia shahada ya pili ya mwaka mmoja Uingereza, na maombi yake kwa kawaida hufunguliwa Agosti. Wana sharti la kurudi nyumbani ukae angalau miaka 2. Ukilitia saini, hilo nalo ni mkataba, usije ukaniuliza huko mbele namna ya kulikimbia.

Wallahu aalam.