Barua kwa mwanangu: kitabu kimepungua kurasa 21

Tanga

Mwanangu kipenzi,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, mara ya kwanza nikiwa jikoni, mara ya pili baada ya isha nilipotulia na miwani yangu. Umeniuliza: "Mama, mwezi uliopita uliniambia kitabu kina kurasa 118, sasa unasema 97. Kinaandikwa au kinafutwa? Na huko peke yako, ukiacha kuandika, unajiburudisha na nini?" Umeuliza mawili, ila kwangu yameshikana, na kwenye simu hayaenei. Ndiyo maana nimekaa nikuandikie.

Hesabu yenyewe ni hii: nimetoa kurasa 31, nimeandika mpya 10. Zilizotoka karibu zote ni za safari. Unajua kijana wangu wa kitabuni anatoka Kasulu, analetwa huku kukata mkonge mwaka 1952, na unajua nimemchonga kutoka kwa babu yako. Sura nzima ya pili nilimpandisha treni. Alipanda Kigoma, akapata nafasi dirishani, akaitazama nchi ikipita, akazoeana na kijana wa Kibondo aliyekaa mkabala naye, wakagawana mihogo ya kuchoma. Asubuhi ya mwisho wakaiona bahari ya Tanga kwa pamoja. Niliipenda sura ile, mwanangu. Nilikuwa nikiisoma kwa sauti hapa sebuleni, naona kabisa imekaa sawa.

Nikamsomea mzee jirani yetu, yule aliyestaafu reli. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, akaweka kikombe chini, akaniuliza taratibu, "Mwalimu, treni hii imepita reli gani?" Akachukua kijiti, akanichorea mchangani. Reli ya Kati hii hapa, Kigoma mpaka Dar es Salaam. Reli yetu hii hapa, Tanga kwenda Moshi na Arusha. Kati yake akaacha mchanga mtupu. Njia ya kutoka Ruvu kuja Mnyusi, inayoziunganisha, ilifunguliwa mwaka 1963. Mwaka 1952 hapakuwa na treni ya kumtoa mtu Kigoma na kumshusha Tanga. Hapo katikati watu walipakiwa malori.

Kosa la reli lenyewe halikunisumbua sana, maana kosa la namna hiyo hurekebishika. Kilichoniuma ni sauti ya babu yako. Alikuwa akituambia, "Sisi tuliletwa na gari." Hakuongeza neno. Nilizaliwa na kukua karibu na stesheni, na gari kwangu lilikuwa lile linalopiga honi usiku na kutikisa vikombe kabatini. Kwa hiyo miaka yote nilipomsikia akisema gari, mimi nikaona gari la moshi, na sikuwahi kumuuliza. Alikuwa akinisimulia lori. Miaka 60 nimembeba baba yangu kwenye chombo ambacho pengine alikaa humo nusu ya safari tu, na ile nusu nyingine, ya vumbi, alikuwa akiniambia kila siku nami siisikii.

Basi kurasa 10 nilizoandika ni za lori. Kwenye lori huwezi kumpa mtu kiti mkabala na mwenzake. Watu wamejaa, wengine wamesimama, wengine wamechuchumaa juu ya vifurushi vyao, kila mmoja amejifunika nguo puani. Ikifika kona wote wanaegemea upande mmoja, ikipanda mlima wote wanarudi nyuma. Sasa kijana wangu anamjua yule mwenzake wa Kibondo kwa bega kabla hajamjua kwa uso. Bega lina joto, linatetemeka usiku, na alfajiri wanaposhushwa anamtafuta mwenye bega lile kati ya watu ambao wote wamekuwa rangi moja ya vumbi. Hilo nisingelipata kwenye treni hata ningeandika kurasa 100.

Nimetoa pia zile kurasa mbili za Dk. Richard Hindorf, yule Mjerumani aliyeagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida mwaka 1893, ikafika hai 62, na kutoka kwenye hiyo 62 yakaota mashamba yote haya unayoyajua. Ni habari tamu, lakini kijana wangu hakuijua, na aliyekuwa akiisimulia pale alikuwa mimi mwalimu wa darasani. Nikamwambia akae nje.

Usinionee huruma kwa kurasa hizo. Wewe mwenyewe umepita karibu na korona, ile mashine ya kutoa singa, yaani nyuzi, kwenye majani ya mkonge, harufu yake unaikumbuka. Kilo 100 za majani zikiingia kwenye mashine ile, singa kavu zinazotoka ni kama kilo 4. Zilizobaki ni maji na makapi, na babu yako alisimama kwenye mfereji wa makapi hayo miaka mingi, miguu imebabuka. Mimi natupa karatasi tu.

Sasa hayo ya kujiburudisha. Usiku nasoma *Peponi*, yaani *Paradise* ya Abdulrazak Gurnah, ile tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupata Tuzo ya Nobeli. Nakisoma polepole makusudi. Kuna mtoto, Yusuf, ana miaka 12, anachukuliwa na tajiri ambaye siku zote amekuwa akimwita kwa jina la udugu. Anafika dukani kwa tajiri, anamkuta kijana mwingine, Khalil, naye ndiye anayemwambia kwamba huyu si ndugu yako, baba yako anadaiwa na wewe umewekwa rehani. Neno la udugu lilikuwa mdomoni mwa mtoto muda wote, na deni lilikuwa limejificha ndani yake. Nilifika hapo juma lile lile la mchoro wa mchangani. Niliweka kitabu kifuani, nikalala taa ikiwaka. Nilifikiria gari. Nikafikiria na neno manamba, walivyoitwa vibarua wa mkonge kama babu yako, tunavyolitamka kama jina la kabila, wakati ndani yake mna namba, na mtu aliyeitwa kwa namba hiyo badala ya jina alilopewa na mama yake. Kitabu changu kinataka kuyafungua maneno ya aina hiyo, na mwezi huu ndipo nilipolijua hilo sawasawa. Kama unataka maendeleo ya mwezi, hayo ndiyo makubwa.

Filamu nimetazama moja, mara mbili: *Vuta N'kuvute* ya Amil Shivji, ile iliyooneshwa Toronto mwaka 2021. Imetokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi ya mwaka 1999, na riwaya bado naipenda zaidi. Lakini filamu imenifundisha kunyamaza. Yasmin na Denge wanatazamana tu, wala hakuna anayetueleza Unguja ya Mwingereza ilikuwaje, tunaiona kwenye vichochoro na gizani. Niliporudi mezani nilifuta maelezo ya nyapara mkali na kuacha mkono wake tu, unavyoshika penseli.

Mchana nikipika namsikiliza Bi Shakila. Mzaliwa wa Pangani huyu, aliimba na Black Star na Lucky Star hapa hapa Tanga, na alipofariki mwaka 2016 nilikaa na redio kutwa nzima. Ule wimbo wake wa macho yanacheka, moyo unalia, babu yako aliupenda ingawa hakuwa mtu wa taarabu. Angekaa kimya mpaka uishe, kisha aombe maji. Kitabuni siwezi kumtia, mwaka 1952 alikuwa mtoto mdogo, lakini sauti yake ndiyo ninayoiandikia. Na Coastal Union, timu yetu ya mpira, wakicheza Mkwakwani bado naenda. Nimewapenda kabla ya ubingwa wa 1988 na nitawapenda baada yake.

Sura inayofuata nitaitoa kwenye kipande cha babu yako. Nimekikuta kwenye lile bati la biskuti, chini ya vyeti. Ni kadi ya visanduku 30, kila kisanduku siku moja ya kazi, maana mshahara ulitoka siku 30 zikitimia, na siku usiyofanya kazi haikuhesabiwa. Chake kina alama 22. Vinane vitupu. Kadi imekunjwa mara nne, kwenye mikunjo imechakaa mpaka mwanga unapita. Nimeiweka mbele ya meza, naitazama kila asubuhi kabla ya kuandika. Kwa nini aliiacha haijajaa, na kwa nini aliitunza, sikuwahi kumuuliza hilo nalo.

Kwa hiyo nina ombi, na wewe uko Kigoma, mahali hasa ninapokuhitaji. Siku yako ya mapumziko panda basi uende Kasulu kwa bibi yako, mdogo wake babu. Ndiye peke yake aliyebaki wa kumuona akiondoka. Usimwulize aliondoka na gari gani, maana atakujibu lile unalotaka kusikia. Mwulize kaka yake alivaa nini siku ile, nani alimsindikiza, alibeba nini mkononi, na nyumbani walikula nini jioni yake. Mwulize kwa Kiha, sasa unakijua kuliko mimi. Akinyamaza, nawe nyamaza, usimsaidie maneno. Nimekutumia kwa basi kanga doti moja na kilo mbili za sukari umpelekee, na mwambie mtoto wa kaka yake anamwamkia shikamoo.

Ukurasa wa 98 nimeuacha mtupu mpaka utakapopiga simu.

Mama yako