Uvimbe wa mtoto tumboni, je unaweza kuhamia kwangu?

SWALI: Shikamoo dokta. Nina miaka 27, niko Morogoro, mimba yangu ya pili ina wiki 25. Juzi nimepigwa altrasaundi wakaona mtoto ana uvimbe makalioni kwenye kifandugu, sentimita 7, aliyenipima akasema inaweza kuwa kansa akanipa karatasi basi, nikatoka nalia. Mama mkwe anasema kansa itahamia kwangu bora mimba itolewe, wifi anasema ni vidonge vya majira nilivyokuwa natumia. Silali dokta.

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Uvimbe wa aina hiyo hauhami toka kwa mtoto kuja kwa mama, kansa zinazoweza kuwashika wote wawili, kama ile inayoanzia kwenye kondo la nyuma, ni nadra mno, sio hii. Na vidonge vya majira havihusiki kabisa, wifi aambiwe hivyo hivyo.

Uvimbe wa kifandugu kwa mtoto aliye tumboni mara nyingi ni teratoma, chembechembe za mwanzo wa mimba zinabaki pale zinaendelea kukua, hata nywele na meno hukutwa ndani. Humpata mtoto mmoja kati ya 35,000 hadi 40,000 hivi, wa kike zaidi. Altrasaundi peke yake haiwezi kusema hii ni kansa au sio, hilo linajulikana maabara ukishatolewa, na wengi wanaozaliwa nao unakutwa sio kansa. Ila mtoto akishazaliwa uvimbe ukaachwa miezi ikapita, hatari ya kugeuka kansa inapanda, ndio maana hutolewa mapema, na kifandugu chenyewe kinatolewa maana kikibaki uvimbe unaweza kurudi.

Sasa ninachokiogopa mimi ni afya yako, maana wote wanaongelea kansa na hakuna aliyekuuliza miguu inavimba au la. Uvimbe mkubwa unavuta damu nyingi, moyo wa mtoto unachoka, anajaa maji mwilini, kondo linavimba, na mama naye anaweza kuvimba vilevile kama mtoto wake, presha inapanda, pumzi inakata, ni hali inayofanana na kifafa cha mimba na inaua. Kwahiyo ukiona uso au mikono imevimba, kichwa kinagonga, macho yanaona ukungu, au tumbo limekua ghafla na kukaza (maji ya uzazi yamezidi hayo, uchungu unaweza kuanza kabla ya wakati), nenda hospitali usiku huohuo, usisubiri tarehe ya kliniki.

Wiki hii omba rufaa Muhimbili, wana madaktari bingwa wa uzazi na wa upasuaji wa watoto, upigwe altrasaundi mara kwa mara waangalie uvimbe unakuaje na moyo wa mtoto unafanyaje. Kuna nchi wanafanya upasuaji mtoto akiwa bado tumboni, mwaka 2016 huko Texas, Marekani, mtoto alitolewa uvimbe kwenye wiki ya 23 akarudishwa tumboni akazaliwa wiki ya 36, lakini hufanywa kwa wachache ambao moyo umeanza kushindwa. Wewe kwa sentimita 7 jiandae kujifungua kwa opresheni, njia ya kawaida uvimbe unaweza kukwama au kupasuka mtoto akavuja damu, na usikubali kujifungulia kituo kisicho na daktari wa kumpasua mtoto. Mama mkwe nenda naye, amsikie bingwa mwenyewe.

Mtoto akishapasuliwa atahitaji kupimwa damu na kukaguliwa kila baada ya miezi mitatu hivi mpaka afike miaka mitatu, hata kama anacheza vizuri usiache kumpeleka.