Shaka ya Tennyson ilianzia kwenye mawe

Swali la wiki lilikuwa: je, ni mwanasayansi Charles Darwin aliyewatia shaka ya imani washairi wa Uingereza wa enzi ya Malkia Victoria? Tazameni tarehe. Kitabu cha Darwin juu ya asili ya spishi kilitoka 1859. Shairi kuu la shaka la enzi hiyo, In Memoriam la Alfred Tennyson, lilikwisha kuchapishwa 1850, na Tennyson alianza kuliandika 1833, mwaka aliofariki rafiki yake Arthur Hallam huko Vienna akiwa na miaka 22.

Kilichomtikisa Tennyson ni jiolojia, elimu ya mawe na ardhi. Kati ya 1830 na 1833 mwanajiolojia Charles Lyell alitoa juzuu tatu akieleza kwamba milima na mabonde yametokana na nguvu zilezile tunazoziona leo, yaani mvua, mito, mawimbi na volkano, zikifanya kazi polepole kwa muda usiohesabika. Tena mawe ya machimboni yalikuwa na visukuku, yaani mabaki yaliyogeuka mawe, vya viumbe vilivyokwisha kutoweka. Kwa mfiwa anayeuliza kama rafiki yake bado yupo mahali, hiyo ni habari nzito. Katika sehemu ya 55 ya shairi Tennyson anajifariji kidogo: maumbile hayamjali kiumbe mmoja mmoja, ila yanaitunza aina yake. Sehemu ya 56 inaibomoa faraja hiyo papo hapo. Kutoka kwenye majabali na machimbo, maumbile yanajibu kwamba aina elfu zimekwisha kupotea, na vyote vitapotea.

Hapo usisome haraka. Mwishoni mwa ubeti wa 2 swali linaanza: na mwanadamu je, naye? Kisha linarefushwa kwa sifa zake, kwamba alijenga mahekalu, aliamini Mungu ni upendo, alipenda, aliteseka. Kitenzi chenyewe hakitokei mpaka mshororo wa tatu wa ubeti wa 5: je, naye atapeperushwa na vumbi la jangwani, au afungiwe ndani ya vilima vya chuma? Msomaji anacheleweshwa beti mbili na nusu, na sifa zote alizozisikia zinaangukia kwenye vumbi.

Umbo la ubeti linasaidia. Kila mshororo una mizani 8, kama utenzi wetu. Lakini katika utenzi mishororo mitatu ya kwanza huwa na kina kimoja, na wa nne hubeba kina cha bahari, kinachorudi mwishoni mwa kila ubeti, hivyo ubeti unausukuma unaofuata. Kwa Tennyson mshororo wa pili na wa tatu ina kina chake, na wa nne unarudia kina cha wa kwanza. Kila ubeti unajirudia wenyewe. Mtu anasogea, kisha anajikuta alipoanzia, na hivyo ndivyo msiba ulivyo.

Kosa la kawaida ni kuinukuu sehemu ya 56 peke yake na kumwita Tennyson mkana Mungu. Soma 54 hadi 56, kisha ruka hadi 124. Katika 54 yeye ni mtoto mchanga anayelia gizani, hana lugha ila kilio. Katika 124 anakiri kwamba hakumwona Mungu katika jua wala katika bawa la tai. Moyo ndio uliosimama ukasema umehisi. Halafu anajisahihisha: alikuwa mtoto yuleyule anayelia, ila sasa anajua baba yake yu karibu. Kilio hakijakoma. Kwangu huo ni ushahidi mkubwa wa imani yake kuliko ule mstari maarufu wa sehemu ya 96 unaosifu shaka ya kweli.

Kosa la pili linatokana na utangulizi wa shairi. Umewekwa mwanzo, lakini una tarehe ya 1849, miaka 16 baada ya msiba. Anayeanza nao hudhani imani haikuwahi kuyumba. Usome mwisho.

Tennyson hakuwa peke yake. Matthew Arnold, katika shairi lake la ufuoni Dover lililochapishwa 1867, anasikia imani ikikupwa kama bahari, wala haahidi kwamba itajaa tena. Gerard Manley Hopkins, mtawa wa shirika la Kikatoliki la Wajesuiti, aliandika 1877 soneti, yaani shairi la mishororo 14, inayoona ardhi iliyochakazwa na biashara, ila ndani yake uhai mpya haukauki. Tusimtaje kana kwamba enzi yake ilimsikia: mashairi yake yalikusanywa na kuchapishwa 1918, miaka 29 baada ya kifo chake.