Re: Taarifa ni zilezile, mbona uamuzi unabadilika?

Habari ndugu. Umeuliza kwa nini kikundi chenu kiliukubali mpango uliposemwa "utafaulu kwa asilimia 90", kisha kikaukataa uliposemwa "utafeli kwa asilimia 10", ilhali hesabu ni moja.

Usianze kumtafuta asiyejua hesabu. Kagua kwanza maneno ya swali. Wanasaikolojia Tversky na Kahneman walilipima hili mwaka 1981, kwa mfano wa ugonjwa unaotishia watu 600. Mpango wa kuokoa 200 kwa uhakika ulichaguliwa na asilimia 72, badala ya mpango wa kubahatisha kuwaokoa wote au kutomwokoa yeyote. Kundi jingine likaelezwa mpango huohuo kwamba 400 watakufa: asilimia 22 tu wakauchagua, waliobaki wakachagua kubahatisha. Hasara huuma kuliko faida ya kiasi kilekile inavyofurahisha.

Kwa hiyo andika kila chaguo kwa sura zote mbili, kwenye karatasi moja, na ugeuze asilimia kuwa idadi: kati ya 100, 90 hufaulu, 10 hufeli. Halafu kila mtu aandike makadirio yake kabla ya yeyote kuongea. Hapa ndipo vikao vingi huharibika. Mwenyekiti akishataja namba, hata kwa utani, wengine huishia kuizungukazunguka.

Na mtu akisema "si mliona juzi!", omba rekodi ya miaka kadhaa. Tukio la karibuni hukumbukwa haraka, kisha huonekana la kawaida kuliko lilivyo.