Damu ya Ami na Mpaka wa Kisasi

SWALI: Assalaam alaykum Maalim. Mimi ni mkaazi wa Lamu. Ami yangu aliuawa na magaidi upande wa bara. Kijana wangu husema serikali ikiwafuata wauaji hao kwa ndege na mabomu ni haki tupu, na mwenye kutaja mahakama anawatetea. Mwenzangu wa barazani asema jeshi likilipiza kisasi, sheria imevunjwa. Nimfuate yupi?

JAWABU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mwenyezi Mungu amrehemu ami yako, na akupeni subira nyote.

Ndugu yangu, kijana wako amejua pa kuanzia, hakujua pa kusimama. Katika Suratul Israa, aya ya 33, Mwenyezi Mungu anasema kuwa aliyeuawa kwa dhulma, walii wake, yaani jamaa yake wa karibu, amepewa madaraka; kisha papo hapo akasema, basi asipite kiasi katika kuua. Angalia anayeambiwa hapo ni nani. Si muuaji. Ni yule aliyefiwa, mwenye haki mkononi. Na wafasiri wamesema kupita kiasi ni kumuua asiyeua, au kuua wawili kwa mmoja. Tena madaraka hayo hupitia kwa mtawala na kadhi, si kwa kila mwenye uchungu na panga lake.

Sheria ya mataifa nayo haikufunga mlango. Ibara ya 51 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa yaipa nchi iliyoshambuliwa haki ya kujikinga. Kenya ilipovuka mpaka kuingia Somalia Oktoba 2011, baada ya utekaji wa wageni huko Kiwayu na Manda, ilitaja haki hiyo. Lakini kujikinga ni kuzuia shari inayokuja. Kupiga ili moyo utulie ni jambo jingine, na hilo sheria hairuhusu.

Kumbuka Agosti 1998. Bomu la Nairobi, kwenye ubalozi wa Marekani, liliua watu 213. Siku kumi na tatu baadaye Marekani ikarusha makombora Afghanistan, na mengine yakaangukia kiwanda cha dawa Khartoum. Ikadai pana kemikali za silaha. Ushahidi wake ukatiliwa shaka na wengi, na dawa za wagonjwa zikawa zimeshateketea. Kwa damu ile ile, watu wanne walifikishwa mahakamani New York, wakapata mawakili, mashahidi wakasikizwa, na mwaka 2001 wakafungwa maisha. Hukumu ile iliwafikia waliotiwa hatiani, haikumgusa mgonjwa wa Khartoum.

Ndani ya nchi yetu jambo ni zito zaidi, kwani Katiba ya 2010 yataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Namjua mama mmoja hapa kwetu. Mwanawe alichukuliwa usiku na watu wenye bunduki, hakurudi wala hakushtakiwa popote. Kila Alhamisi mama huyo huifua kanzu ya mwanawe na kuipiga pasi, akaitundika nyuma ya mlango. Ikiwa kijana yule alikuwa na hatia, basi angesomewa mashtaka mama yake akisikia. Hili silionei haya kulisema: ni dhulma, na damu ya ami yako haiihalalishi.

Sasa msomee kijana wako kisa hiki. Mwaka wa 8 Hijria, Khalid bin Walid, Allah amridhie, alitumwa kwa kabila la Bani Jadhima. Hao hawakuweza kutamka vyema kuwa wamesilimu, naye kwa ijtihadi yake, yaani kwa alivyoona mwenyewe, akawaua baadhi yao. Wasimulizi wa sira wanataja kuwa kabila hilo zamani lilimuua ami yake Khalid. Habari ilipomfikia Mtume, swalla Llahu alayhi wa sallam, aliinua mikono akasema anajitakasa mbele ya Mola na alilolifanya Khalid. Kisha akamtuma Ali na mali. Ali akalipa diya, yaani fidia ya damu, ya kila mtu, akalipa na vitu vilivyoharibika, hata bakuli la kunyweshea mbwa. Mali ikabaki, akawaachia yote, isije ikawa pana kitu kilichosahauliwa.

Akishasikia, muulize kama yuko tayari kulipa bakuli hilo. Na ukiwa unajua lolote kuhusu waliomuua ami yako, lipeleke kwa wapelelezi na uwe tayari kusimama kizimbani kama shahidi.

Wallahu aalam.